Goma: Kadi ya njano haimzuii mbu wa mchana

Mfanyabiashara wa Birere anayekwenda Dar es Salaam kuchukua bidhaa huhakikisha vitu vyake kabla ya kufika mpakani: pasipoti, dola, simu, na kile kijitabu ambacho wengi mjini Goma wanakiita carte jaune. Akishavuka Grande Barrière, kijitabu kinarudi mfukoni na habari ya mbu inasahaulika.

Tatizo linaanzia hapo. Kadi ya njano hutumika hasa kuthibitisha kwamba mtu amechanjwa dhidi ya homa ya manjano. Dengue na chikungunya, virusi vinavyoenezwa na mbu yuleyule, havimo ndani yake.

Mbu huyo, kwa jina la kitaalamu Aedes aegypti, hafanani kwa tabia na yule wa malaria. Yeye huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza kuingia. Chandarua ambacho familia nyingi za Kivu Kaskazini zinakitegemea usiku hakimsaidii mtu aliyesimama bandarini saa mbili asubuhi akingojea kontena lake.

Na miji anayokwenda inafahamu magonjwa haya. Dar es Salaam ilikumbwa na dengue mwaka 2014, kisha tena 2019. Mombasa ilipata mlipuko wa chikungunya kati ya mwisho wa 2017 na 2018. Ndani ya Kongo yenyewe, chikungunya iliripotiwa Kinshasa na Kongo Central mwaka 2019. Jina la ugonjwa huo, kwa njia, lilitoka Afrika Mashariki: ni neno la Kimakonde linaloeleza mtu aliyejikunja kwa maumivu ya viungo, na mlipuko wa kwanza kuelezwa na wanasayansi ulitokea kusini mwa Tanganyika mwaka 1952.

Homa ya manjano nayo husafiri na abiria. Mlipuko ulioanza Luanda, Angola, Desemba 2015 ulivuka mpaka hadi Kongo Central na Kinshasa. Wafanyakazi waliotoka Angola waliufikisha China, ambako watu 11 walithibitishwa kuugua, na Kenya ikapata wagonjwa wawili. Chanjo zilikuwa chache duniani kiasi kwamba Agosti 2016 mamilioni ya wakaaji wa Kinshasa walichanjwa kwa sehemu moja ya tano tu ya dozi ya kawaida.

Dozi hiyo ndogo iliwakinga watu wakati wa hatari, lakini Shirika la Afya Duniani halikuikubali kwa ajili ya cheti cha safari za kimataifa. Aliyechanjwa Kinshasa katika kampeni hiyo, na ambaye leo anaishi Goma na anataka kusafiri, anahitaji dozi kamili.

Dozi kamili ni sindano moja, na tangu Julai 2016 cheti chake kinadumu maisha yote. Hakuna sababu ya kurudia baada ya miaka 10, hata kama kijitabu cha zamani kinaonyesha tarehe ya mwisho. Lakini kadi inaanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Anayekimbilia chanjo siku moja kabla ya safari anaweza kuzuiwa. India, ambako baadhi ya wagonjwa wetu huenda kutibiwa, inaweza kumtenga msafiri asiye na cheti halali hadi siku sita.

Wapo wanaonunua karatasi bila kuchomwa sindano. Huko ni kujidanganya kwa pesa zako mwenyewe. Homa ya manjano haina dawa ya kuua virusi vyake, na kati ya wanaofikia hatua kali ya ugonjwa, ile ya macho kugeuka njano na kutoka damu, karibu nusu hufariki katika siku 7 hadi 10.

Si kila mtu anafaa kuchanjwa. Mama mjamzito, mtu mwenye kinga dhaifu, mwenye mzio mkali wa mayai na aliyezidi miaka 60 wamweleze muuguzi kwanza. Mtoto huanza kuchanjwa akiwa na miezi tisa.

Kwa magonjwa mengine, kinga ni kuzuia kuumwa. Mikono mirefu na suruali ndefu husaidia, ingawa joto la pwani linachosha mtu aliyezoea hewa ya Goma. Dawa ya kufukuza mbu iwe na DEET au ikaridini, ipakwe mchana kwenye ngozi iliyo wazi, irudiwe kama maelekezo ya chupa yanavyosema. Ukitumia mafuta ya kuzuia jua, yatangulie. Mtoto anayelala mchana awekewe chandarua.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni homa ya baada ya kurudi. Mjini Goma homa inaitwa malaria kabla hata ya kipimo. Kipimo kifanyike, maana malaria nayo inaua haraka. Lakini kikionyesha hakuna malaria, daktari aambiwe ulikuwa wapi na ulirudi tarehe gani. Wakati wa kusubiri, parasetamoli ndiyo salama. Aspirini na ibuprofeni zinaweza kuzidisha kutoka damu kwa mwenye dengue. Maumivu makali ya tumbo, kutapika bila kukoma au damu kwenye fizi ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Katika wiki ya kwanza ya homa, mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu wa mtaani asichukue virusi kwake na kuvipeleka kwa jirani. Aedes hutaga mayai katika maji yaliyotuama karibu na nyumba, na nyumba nyingi za Goma zinaishi kwa maji ya mapipa na mabidoni. Mayai hugandana ukutani juu ya maji na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi: pipa lisuguliwe ndani mara moja kwa wiki, kisha lifunikwe.