Maji Ndiyo Adui wa Gurudumu la Nyuma: Sayansi ya Diski na Beringi Katika Barabara za Kagera

Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini Tanzania. Kwa mwaka hunyesha takribani milimita 2,000, zaidi ya mara tatu ya mvua ya Dodoma. Mvua hiyo ndiyo inayostawisha migomba na kahawa katika Bukoba na Muleba, na mvua hiyo hiyo ndiyo inayokula chuma. Mwenye gari kuukuu akienda gereji, iwe Buhembe, Kashai au Rwamishenye, fundi huanza kwa kuuliza gari limetembea kilomita ngapi. Swali hilo lina maana, lakini kwa breki na beringi za nyuma lipo lililo zito zaidi: gari hili limepita kwenye maji na matope mara ngapi, na je, tangu hapo kuna aliyefungua magurudumu akatazama?

Magari mengi ya huku yalitumika Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kuletwa Tanzania. Baadhi, kama Probox nyingi, yana breki za dramu nyuma. Mengine, kama Harrier za mwanzo, Mark II na Subaru Forester nyingi, yana diski magurudumu yote manne. Wenye magari ya aina hii ya pili huamini kwamba diski za nyuma hazina shida kwa kuwa haziliki upesi. Imani hiyo ina hatari, na sayansi inaonyesha kwa nini.

Breki ni mashine ya joto

Gari lenye uzito wa kilo 1,400 likienda kilomita 80 kwa saa hubeba nishati ya mwendo ya takribani kilojuli 346. Nishati haipotei. Ili gari lisimame, yote lazima igeuke kuwa kitu kingine, na breki huigeuza kuwa joto kwa msuguano wa pedi na diski. Joto la kusimama mara moja tu kutoka mwendo huo linatosha kuchemsha lita moja ya maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Gari hilo hilo likienda kilomita 40 kwa saa hubeba kilojuli 86 tu. Mwendo umepungua kwa nusu, lakini joto limepungua hadi robo, kwa sababu nishati hufuata mraba wa mwendo. Ndiyo maana dereva anayeshuka mlima kwa kasi hutesa breki zake kuliko anavyodhani.

Diski hutengenezwa kwa chuma cha kusubu chenye karboni ya asilimia 3 hadi 4. Sehemu kubwa ya karboni hiyo imo ndani ya chuma kama vipande vidogo vya grafiti, ambavyo husambaza joto upesi na kumeza mtetemo usigeuke kelele. Ubaya wake ni mmoja: chuma hiki hakina kinga yoyote dhidi ya kutu. Hata diski mpya ikinyeshewa usiku, asubuhi uso wake huwa na rangi ya machungwa.

Wazo la breki ya diski si geni. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza yake mwaka 1902, lakini pedi zake za shaba zililika haraka kwenye barabara za vumbi za enzi hizo. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1953, gari la Jaguar lenye diski liliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa, na mwaka 1955, kampuni ya Citroën ilipoziweka kwenye magurudumu ya mbele ya gari lake la DS lililouzwa kwa umma. Vumbi lililomsumbua Lanchester bado ni mtihani kwa yeyote anayeacha lami na kuingia barabara ya changarawe.

Kwa nini nyuma huoza kabla ya kulika

Gari linapofunga breki, uzito wake huhamia mbele. Pua huinama, mkia huinuka, na magurudumu ya nyuma hubaki na mzigo mdogo. Watengenezaji hulijua hilo, kwa hiyo breki za mbele hupewa kazi kubwa zaidi, kwa kawaida zaidi ya theluthi mbili katika kusimama kwa nguvu. Kama za nyuma zingebana sawa na za mbele, magurudumu ya nyuma yangejifunga na gari lingezunguka barabarani.

Matokeo yake katika mji wa mvua ni haya. Diski ya mbele hupata kutu usiku, lakini asubuhi pedi huikwangua kwenye mteremko wa kwanza. Diski ya nyuma hubanwa kwa upole, hasa gari likiwa na dereva peke yake. Kutu haiondoki yote, inayobaki hushika unyevu, na usiku unaofuata inazama zaidi. Pini ambazo kalipa, yaani kibanio cha pedi, huteleza juu yake nazo huingiwa na maji na kukwama. Hapo pedi ya upande mmoja hufanya kazi na ya upande wa pili hukaa bure. Mara nyingi uso unaoharibika kwanza ni ule wa ndani, usioonekana ukisimama nje ya gari. Diski inaweza kung'aa kwa nje huku ndani imechimbika. Kwa hiyo chukua tochi, inama, tazama upande wa ndani.

Gololi, uzito na maji

Diski haishikiliwi na hewa. Imekaa juu ya habu, na habu inazunguka juu ya beringi. Mwaka 1794 Philip Vaughan, fundi wa chuma kutoka Carmarthen huko Wales, alipata hataza ya kuweka gololi kwenye ekseli ya gari la kukokotwa. Msingi wa wazo hilo haujabadilika: kitu kinachobiringika hukwama kidogo kuliko kinachosuguana.

Tairi la kawaida huzunguka takribani mara 500 kwa kila kilomita. Kutoka Mutukula mpakani hadi Bukoba mjini, umbali wa kilomita 80 hivi, kila beringi imezunguka kama mara 40,000. Muda wote huo gololi na njia yake hutenganishwa na utando wa grisi ambao unene wake kwa kawaida haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Uhai wa beringi nzima umo ndani ya utando huo.

Mwaka 1947 wanasayansi wa Sweden, Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren, walitoa nadharia ambayo bado hutumika kukadiria maisha ya beringi. Kwa beringi za gololi, maisha hupungua kwa mchemraba wa mzigo. Ukiongeza mzigo kwa asilimia 26 tu, umekata maisha yake nusu. Ukiuzidisha mara mbili, yanabaki sehemu moja ya nane. Mikungu ya ndizi inayorundikwa nyuma hadi mkia wa gari unagusa mashimo hulipiwa hapo, kwenye gololi, hata kama siku hiyo gari limefika salama.

Maji humaliza kilichobaki. Gari limetembea, habu imepata moto, hewa iliyo ndani ya beringi imetanuka. Kisha gari linaingia kwenye dimbwi, au mwoshaji anaelekeza mpira wa maji ya nguvu kwenye gurudumu. Hewa ya ndani inapoa ghafla, inasinyaa, na kuvuta maji kupitia sili iliyozeeka. Maji yakichanganyika na grisi, utando unakatika, kutu inachoma vitobo kwenye njia ya gololi, na mlio unaanza.

Kasoro mbili, mwili mmoja

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mteja analalamika kwamba pedeli ya breki inazama na inabidi apampu mara mbili. Anabadilishiwa pedi, tatizo linarudi. Chanzo chaweza kuwa beringi. Ikiwa na mchezo, diski huyumba kila gurudumu linapokata kona, na kuyumba huko husukuma pistoni ya kalipa irudi nyuma. Safari inayofuata pedeli lazima iende mbali zaidi kabla pedi haijagusa diski.

Kinyume chake pia ni kweli. Diski mpya ikifungwa juu ya habu yenye kutu haikai wima. Punje ya kutu yenye unene wa milimita 0.03 kwenye ukingo wa habu huleta yumbo la kama milimita 0.06 kwenye ukingo wa diski, kwa kuwa diski ni pana takribani mara mbili ya habu. Kwa magari mengi kiwango kinachovumilika ni karibu na milimita 0.05. Mwanzoni dereva hasikii kitu. Lakini pedi hugusa sehemu ile ile kila mzunguko, diski inalika bila usawa, na baada ya miezi gari linatetemeka likifungwa breki. Wengi huilaumu diski kuwa feki, kumbe kosa lilikuwa kutokutumia brashi ya waya kwa dakika kumi.

Kupima kabla ya kununua

Sikiliza kwanza. Beringi mbovu hunguruma, na mngurumo hupanda na mwendo. Ukikata kulia, uzito huelemea upande wa kushoto. Mlio ukizidi hapo, shuku beringi za kushoto. Kisha gari liinuliwe, gurudumu lishikwe juu na chini na litikiswe. Lizungushwe kwa mkono huku mkono mwingine umeshika springi: ukwaruzo wa gololi utausikia kwenye vidole.

Kwa diski, tumia maikromita. Unene wa mwisho unaoruhusiwa kwa kawaida umechongwa kwenye diski yenyewe. Ikiwa chini ya hapo, au ina vitobo vya kutu pale pedi inapopita, au ina ufa unaofika ukingoni, itolewe. Kuichonga tena kwenye mashine kunafaa tu kama unene utakaobaki bado uko juu ya kiwango.

Kufungua na kufunga

Usalama kwanza, na kwa magurudumu ya nyuma una sababu maalumu. Magari mengi ya Kijapani yenye diski nyuma huficha breki ya mkono ndani ya kofia ya diski, kama dramu ndogo. Diski haitoki bila kulegeza breki hiyo, kwa hiyo haiwezi tena kulizuia gari. Weka vizuizi imara mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na gari likae juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa.

Vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa. Pedi za zamani au zisizojulikana zilikotoka huenda zina asbestosi, inayosababisha saratani ya mapafu na ya utando wake. Lilowanishwe na kufutwa. Kalipa ifungwe kwa waya, isining'inie kwenye paipu yake ya mpira.

Diski iliyokamatwa na kutu mara nyingi ina matundu mawili yenye nyuzi. Ukikaza bolti mbili humo kwa zamu, inajisukuma yenyewe na kutoka. Kama shuu za breki ya mkono zimeishika, zirudishe ndani kupitia tundu la kurekebishia.

Beringi za nyuma ziko za aina mbili. Zipo zinazouzwa pamoja na habu na kufungwa kwa bolti. Nyingine huingizwa kwa presi, na hapo kanuni ni moja isiyo na mjadala: nguvu ipite kwenye duara linalobanwa. Ukiingiza beringi kwenye nyumba yake, sukuma duara la nje. Ukiingiza habu ndani ya beringi, shikilia duara la ndani. Nguvu ikipitia kwenye gololi, zinaacha mabonde kwenye njia zao, na beringi mpya inaanza kulia siku ile ile. Nyundo hufanya vivyo hivyo, tena chuma kigumu cha beringi kinaweza kumeguka na kurukia jicho. Magari mengi ya miaka ya 2000 yana sumaku ya breki za ABS kwenye sili ya upande mmoja. Upande huo lazima uelekee sensa.

Diski mpya ioshwe mafuta yake ya kuzuia kutu kwa dawa ya breki au kwa maji ya moto na sabuni, kisha ikaushwe. Petroli isitumike. Badilisha diski za pande zote mbili pamoja na pedi zake. Nati za gurudumu zikazwe kwa msalaba na kwa kipimo. Toyota nyingi ndogo hutaka newtonmita 103. Kabla ya kuondoka, kanyaga pedeli mpaka iwe ngumu. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa: ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka si chini ya nyuzi 205, lakini yaliyonyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Kisha endesha kwa upole kilomita 200 za mwanzo ili pedi na diski zizoeane.

Ombi kwa mwenye gari na kwa fundi

Ndugu mwenye gari, Kagera ina misimu miwili ya mvua. Kila msimu unapokwisha, peleka gari gereji, magurudumu yafunguliwe, diski ipimwe na beringi itikiswe. Usikubali jibu la "bado iko vizuri" bila namba. Nawe fundi, nunua maikromita na spana ya kupimia nguvu, na umfundishe kijana aliye chini yako kusafisha habu kabla ya kufunga diski. Abiria hawezi kuona kilichofungwa ndani ya gurudumu. Maisha yake yanategemea uaminifu wa kazi yako.