Mjamzito, uliza kabla ya kula

Je, wewe ni mjamzito na umealikwa La Tour d'Argent, mgahawa wa kifahari kando ya Mto Seine, Paris? Sifa yake ni bata, ambao wamepewa namba tangu 1890, na mchuzi wenye damu yake.

Nyama isiyoiva vizuri inaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma. Jibini la maziwa mabichi, kama Camembert de Normandie, linaweza kuwa na bakteria wa listeria. Vyote humfikia mtoto tumboni na vinaweza kuharibu mimba, hata mama akihisi homa ndogo tu.

Mwambie mhudumu hali yako, omba nyama iliyoiva kabisa na epuka mvinyo. Ukipata homa, hata wiki kadhaa baadaye, wahi kliniki ueleze ulichokula.