Ikikataa mara tatu, ya nne lazima itoe? Bahati ya kwenye gemu na bahati ya dubwi

Katika kipindi chetu cha jioni tulipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa kaka mmoja wa Mikindani, dereva wa bodaboda. Alisema anacheza gemu ya karata kwenye simu akisubiri abiria, na humo ndani kuna karata ya kubahatisha aliyoizoea sana. "Ikikataa mara tatu, ya nne inatoa," alisema. Siku moja akaichukua kanuni hiyo akaenda nayo kwenye mashine ya dubwi, mfukoni akiwa na shilingi 7,000, hesabu ya siku ya tajiri wake. Zote zililiwa. Swali lake lilikuwa fupi: alikosea wapi?

Tuliahidi kujibu kwa maandishi, kwa sababu jibu lina hesabu kidogo na hesabu haishikiki vizuri hewani. Tuanze na gemu, kisha twende kwenye dubwi.

Gemu ya namna gani?

Gemu anayocheza kaka yetu inaitwa Balatro. Ilitoka Februari 2024 kwa kompyuta na mashine za gemu, na Septemba mwaka huo huo ikaingia kwenye simu. Ni ya ukoo wa gemu zilizoanza na Rogue ya mwaka 1980, na gemu za ukoo huu zina tabia mbili. Ya kwanza, ukifa au ukishindwa unaanza upya kabisa. Ya pili, kila ukianza mambo yanapangwa upya, kwa hiyo huwezi kukariri njia kama ulivyokariri ya jana.

Katika Balatro unacheza kwa karata 52 zile zile za barazani: kopa, uru, shupaza na pau. Unapanga mikono ya poka ili kufikisha alama zinazotakiwa. Ukifaulu unapewa dola za humo ndani, unaingia kwenye duka la gemu na kununua vitu vya kukusaidia. Muhimu kuliko vyote ni karata za Joker, ambazo huongeza alama kila moja kwa namna yake.

Dukani humo huuzwa pia karata iitwayo Gurudumu la Bahati. Bei yake ya kawaida ni dola 3. Ukiitumia, una nafasi 1 kati ya 4 ya kumwongezea nguvu mmoja wa Joker wako. Ikikataa, gemu inakuandikia neno moja la Kiingereza la kukukatalia, na karata imekwenda. Wachezaji wa dunia nzima hulitania neno hilo, maana wanakutana nalo mara nyingi kuliko walivyotarajia.

Kwa nini mara nyingi hivyo? Hapo ndipo lilipo jibu la kwanza.

Kikapu cha korosho

Chukua korosho 4 na kikapu. Moja ipake rangi. Funga macho, chota moja. Kama si ya rangi, iweke pembeni, chota tena. Ukikosa mara tatu, ndani ya kikapu imebaki moja tu, nayo ni ya rangi. Hapo kanuni ya kaka yetu ni kweli kabisa: ikikataa mara tatu, ya nne lazima.

Sasa badilisha jambo moja tu. Kila ukichota korosho isiyo ya rangi, irudishe kikapuni, tikisa, ndipo uchote tena. Ukikosa mara tatu, kikapuni mna korosho ngapi? Nne zile zile. Ya rangi ni ngapi? Moja ile ile. Nafasi yako haijasogea hata kidogo.

Gurudumu la Bahati ni kikapu cha pili. Dubwi pia ni kikapu cha pili. Lakini akili zetu zimezoea kikapu cha kwanza, kwa sababu maisha mengi yako hivyo: ukitafuta ufunguo ndani ya mifuko minne na mitatu haina, basi uko kwenye wa nne.

Tuwaweke watu 100, kila mmoja alijaribu gurudumu mara nne. Kwa wastani, jaribio la kwanza wanakosa 75. La pili, kati ya hao, wanakosa 56 hivi. La tatu wanabaki 42. Hawa 42 ndio wanaosema "ya nne lazima". Wakijaribu, wanaopata ni 10 au 11, na 32 hivi wanatoka mikono mitupu. Yaani karibu mtu mmoja kati ya watatu atakosa mara zote nne bila hila yoyote, katika mchezo ulioandikwa waziwazi kwamba ni nafasi 1 kati ya 4.

Basi kwa nini kaka yetu anaamini ya nne inatoa? Kwa sababu zile siku iliyotoa anazikumbuka. Zile iliyokataa tena, alianza raundi nyingine akasahau.

Bahati inatoka wapi?

Kompyuta haiwezi kurusha sarafu juu. Inachofanya ni kupiga hesabu ndefu inayotoa namba zisizotabirika kwa macho. Hesabu hiyo huanzia kwenye namba ya mwanzo ambayo wataalamu huiita mbegu. Katika Balatro mbegu ni herufi na tarakimu 8, na mchezaji anaweza kuiona na hata kuiandika mwenyewe. Watu wawili wakipanda mbegu moja na kufuata hatua zile zile, watakuta duka lile lile, karata zile zile, na gurudumu litawakubalia au kuwakatalia sawasawa.

Maana yake ni kwamba gurudumu halikuonei huruma wala halikukasirikii. Ukizima gemu baada ya kukataliwa ukarudi kwa ujanja kujaribu tena, utakuta jibu ni lile lile. Lilishakuwa ndani ya mbegu kabla hujagusa kioo.

Na dubwi je?

Dubwi unalijua hata kama hujawahi kulicheza: boksi lenye taa na picha za matunda, unatumbukiza sarafu ya shilingi 200, unabonyeza, picha zinazunguka. Mashine za kisasa za namna hii zinazofuata viwango nazo zina kitoa namba ndani. Tofauti ni kwamba hakisimami. Kinazalisha namba muda wote, hata duka likiwa halina mtu. Ukibonyeza, mashine inachukua namba ya nukta ile, na hapo matokeo yameshapatikana. Mzunguko wa picha unaokuja baada ya hapo ni maonyesho tu.

Kwa hiyo ule msemo wa "imeshiba, sasa itatema" hauna mashiko. Mashine haina tumbo la kukumbuka sarafu zako. Na yule aliyekaa baada yako akapata hakuchukua bahati yako. Ungebaki wewe, ungebonyeza kwa nukta nyingine na kupata namba nyingine.

Jambo la pili ni asilimia. Mashine hupangwa irudishe kwa wachezaji sehemu fulani ya fedha zinazoingia, na sehemu inayobaki ni ya mwenye mashine. Tufanye mfano wetu wenyewe: mashine inayorudisha shilingi 90 kwa kila 100. Kwa masikio inaonekana ya haki. Sasa tuitie ile 7,000 ya kaka yetu, yaani sarafu 35.

Ukizungusha sarafu zote 35 mara moja, kwa wastani unabaki na 6,300. Lakini nani anaondoka hapo? Unazizungusha tena: 5,670. Tena: 5,103. Tena: 4,593. Ukifika mzunguko wa saba umebaki na 3,348, chini ya nusu. Ukichukua sekunde 5 kwa kila kubonyeza, yote hayo yamekwisha kwa robo saa hivi. Huo ni wastani: mmoja atatoka na faida, mwingine ataishiwa mapema. Ila kadiri unavyokaa, ndivyo wastani unavyokufikia. Ile 10 kwa 100 hailiwi mara moja, inaliwa kila sarafu inapopita.

"Ilibaki kidogo tu"

Kuna hila nyingine, nayo ina historia. Mwaka 1984 nchini Marekani, Inge Telnaes alipewa hataza ya namna ya kupanga mashine hizi kwa kompyuta. Zamani gurudumu lenye picha 20 lilikuwa na nafasi 20, basi. Mfumo wake uliruhusu kompyuta kuwa na orodha ndefu zaidi ya nafasi kuliko picha unazoziona.

Mfano: unaona magurudumu matatu, kila moja lina picha 20 na moja kati yake ndiyo ya zawadi kubwa. Jicho linapiga hesabu kwamba nafasi ni 1 kati ya 8,000. Lakini kama ndani kila gurudumu lina nafasi 64 na ya zawadi ni moja, ukweli ni 1 kati ya 262,144. Na nafasi zile za ziada zinaweza kupewa picha zilizo juu na chini ya ile ya zawadi. Matokeo yake unaiona ikikupita kwa ukucha, na moyo unasema "ilibaki kidogo". Kwa mashine, kukosa kwa ukucha na kukosa kwa maili ni sawa.

Mambo matatu yanayozitenganisha

Je, gemu na dubwi ni kitu kimoja? Swali hili liliisumbua hata PEGI, taasisi inayopanga umri unaofaa kwa gemu barani Ulaya. Balatro iliwahi kuwekwa kundi la miaka 18 kwa sababu ya mikono yake ya poka, ingawa haina kamari ya fedha halisi. Mwanzoni mwa 2025, baada ya rufaa, ikashushwa hadi miaka 12.

Sisi tunaona tofauti tatu. Kwanza, kwenye gemu nafasi imeandikwa juu ya karata: 1 kati ya 4. Tafuta kama kwenye dubwi la mtaani kwako kuna maandishi hayo. Pili, dola za gemu zinakufa na gemu. Ukipoteza zote unaanza upya ukiwa na kila kitu, lakini sarafu 35 za kaka yetu zilikuwa hesabu ya mtu, na kesho yake hazikurudi. Tatu, kwenye gemu bahati ni kiungo tu. Anayejua kupanga karata humshinda asiyejua. Kwenye dubwi hakuna cha kujua, na mwenye uzoefu wa miaka mitano ana nafasi sawa na aliyeingia leo.

Hatari ni kwamba gemu inauzoeza mkono. Unajaribu, unakataliwa, unacheka, unajaribu tena, wala hakuna kinachouma. Ukiupeleka mkono huo kwenye dubwi, hasa msimu huu wa malipo ya korosho au siku ngalawa zimerudi na samaki, unajikuta unacheka hadi mfuko mtupu.

Sheria inasemaje?

Michezo ya kubahatisha nchini inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41. Mashine inatakiwa iwe na leseni, na mtu chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Mashine isiyo na leseni ina tatizo la ziada: hakuna aliyeikagua inarudisha kiasi gani. Mfano wetu wa 90 kwa 100 hapo unaweza kuwa ni ndoto. Ukiona mtoto aliyevaa sare ya shule amesimama mbele ya dubwi, mwenye duka anajua anachokifanya, na serikali ya mtaa ina haki ya kuambiwa.

Jibu letu kwa kaka

Kaka, hukukosea kubonyeza. Ulikosea kikapu. Uliichukua kanuni ya korosho zisizorudishwa ukaipeleka mahali ambapo kila korosho inarudishwa na kutikiswa upya. Hakuna ya nne, hakuna ya kumi, kila sarafu ni ya kwanza.

Endelea na Balatro yako ukisubiri abiria. Na ukitaka kujua kama tunasema kweli, chukua daftari. Kila ukitumia Gurudumu la Bahati andika limekubali au limekataa, bila kuruka hata moja. Ukifikisha mara 40, hesabu zilizokubali. Zitakuwa karibu na 10. Kisha angalia zile zilizofuata baada ya kukataliwa mara tatu mfululizo: hazitakuwa na upendeleo wowote.

Daftari hilo lilete kituoni, tutalisoma hewani. Na hesabu ya tajiri, tafadhali, ipeleke kwanza kabla hujaegesha pikipiki.