Plasma Baridi na Sumukuvu katika Mahindi

Mahindi yanayovunwa Maji ya Chai na katika vijiji vingine vya miteremko ya Mlima Meru, yakihifadhiwa yakiwa na unyevu, huweza kuota kuvu wa jamii ya Aspergillus, ambao hutoa sumukuvu iitwayo aflatoksini. Sumu hii haionekani kwa macho, husababisha saratani ya ini, na kwa kuwa haivunjiki kwa joto la kawaida la kupikia, mama anayechemsha uji wa mtoto hawezi kuiondoa. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafariki. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, na malori yakakwama mpakani Namanga.

Miongoni mwa njia zinazochunguzwa duniani za kuivunja sumu hiyo ni plasma baridi. Plasma ni hali ya nne ya maada, baada ya yabisi, kimiminika na gesi, nayo hupatikana umeme wa volteji kubwa unapopitishwa katika gesi, hata hewa ya kawaida, ukang'oa elektroni kutoka katika baadhi ya atomi. Huitwa baridi kwa sababu elektroni hizo ndizo zinazobeba nishati kubwa, ilhali gesi yenyewe hubaki karibu na joto la chumba, hivyo nafaka haiivi wala haiungui.

Elektroni hizo zikigonga molekuli za hewa huzalisha ozoni na aina nyingine kali za oksijeni, ambazo huishambulia aflatoksini ya aina ya B1 pale panapoipa makali yake, yaani kwenye muunganiko maradufu wa atomi mbili za kaboni. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani uliochapishwa mwaka 2017, aflatoksini katika mahindi ilipungua kwa asilimia 62 baada ya dakika 1 na asilimia 82 baada ya dakika 10.

Hata hivyo, plasma haifiki kwa urahisi sumu iliyozama ndani ya punje, ikitumiwa kwenye karanga huweza kuharibu mafuta yake, na mabaki ya molekuli zilizovunjwa ni lazima yapimwe yasije yakadhuru. Kwa hiyo kuanika mahindi juu ya turubai hadi yakauke vizuri, kuchambua punje zilizooza na kuhifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa hubaki kuwa kinga ya kwanza. Mahali panapoifaa mashine ya plasma ni kiwanda cha kusaga, ambako mahindi ya wakulima wengi hukusanywa. Na Arusha, yenye Taasisi ya Nelson Mandela ambayo watafiti wake wamechunguza sumukuvu katika vyakula vya watoto, ina wataalamu wa kuijaribu kwa mahindi ya hapa kabla mlaji hajaambiwa aiamini.