Mtoto Aijue Kalenda

Katika nyumba nyingi za kambi zetu kalenda imetundikwa ukutani kama pambo. Mshahara tunaupokea kwa kalenda, likizo tunaihesabu kwa kalenda, na akina mama hupeleka watoto kwenye chanjo wakifika wiki 6, 10 na 14. Lakini ni watoto wetu wangapi wanaoweza kuisoma?

Tuwakumbuke wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika wakati wa ukoloni. Ujira wao ulihesabiwa kwa kipande cha siku 30. Asiyejua kuhesabu siku zake alilazimika kuamini maneno ya karani. Hatutaki watoto wetu warithi hali hiyo.

Huko Uganda, katika mashamba ya miwa na chai ya Buganda, mtoto wa kambi ana shida nyingine. Kwa Kiganda, Lwakubiri maana yake ni siku ya pili, nayo ni Jumanne, kwa kuwa hesabu huanza Jumatatu. Kwa Kiswahili hesabu huanza Jumamosi, basi siku ya pili ni Jumapili. Rwanda na Burundi nao huhesabu kuanzia Jumatatu. Mtoto anayesikia lugha mbili akikosea siku, si mjinga. Amechanganya hesabu mbili. Tumweleze jambo hilo bila kumgombeza.

Tuanze vipi? Kila jioni mtoto akate tarehe ya leo kwa kalamu, kisha aseme jana ilikuwa siku gani, leo ni siku gani na kesho itakuwa siku gani. Akishazoea, tuongeze juzi na kesho kutwa. Halafu ahesabu siku zilizobaki hadi jambo analolingojea, kama vile kufunga shule au Sikukuu ya Wafanyakazi, tarehe 1 Mei.

Kwa urefu wa miezi, akunje ngumi. Kila kifundo cha kidole ni mwezi wa siku 31, na kila bonde katikati ni mwezi mfupi. Januari ni kifundo cha kwanza, Julai ni cha nne, na Agosti hurudi kwenye kile cha kwanza. Februari peke yake ina siku 28, au 29 katika miaka kama 2024 na 2028.

Kazi hii haina gharama. Dakika tano kila jioni zinatosha. Mtoto anayejua kuhesabu siku leo, kesho ataweza kudai kila siku ya jasho lake.