Catherine Kasavuli alikuwa nani, na kwa nini tumkumbuke?

Msikilizaji, wakitajwa wanawake waliofungua njia katika habari za televisheni Afrika Mashariki, jina la Catherine Kasavuli wa Kenya halikosi.

Alizaliwa mwaka 1962. Mwaka 1980, akiwa binti wa miaka 18, aliajiriwa Sauti ya Kenya kama mtangazaji wa redio, baadaye akaingia televisheni. KTN, kituo cha kwanza cha binafsi nchini humo, kilipoanza mwaka 1990, alikuwa miongoni mwa watangazaji wake wa mwanzo. Anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza Kenya kusoma habari za televisheni mubashara.

Wakati huo Tanzania Bara hatukuwa na televisheni. Ilikuja mwaka 1994. Tabora, mji ambao zamani ulipata habari kutoka kwa wapagazi wa misafara ya Ujiji na Bagamoyo, ulitegemea redio.

Mubashara maana yake nini?

Ni kusoma saa ileile watu wanapotazama. Kipindi kilichorekodiwa, ukikosea unarudia. Mubashara hakuna kurudia: ulimi ukiteleza, nchi nzima imesikia. Kumkabidhi mwanamke kiti hicho kulikuwa kumwamini.

Alikaa KTN miaka 17, akahamia Royal Media Services. Mwaka 2021 alirudi KBC, shirika lilelile alikoanzia lilipoitwa Sauti ya Kenya.

Habari yake ya mwisho

Mwishoni mwa mwaka 2022 Wakenya walijua kwamba anaumwa saratani ya mlango wa kizazi, wakaombwa kumchangia damu. Alifariki tarehe 29 Desemba, akiwa na miaka 60.

Saratani hii huletwa hasa na virusi vya HPV, na mwanzoni mara nyingi haina dalili. Mama, usisubiri maumivu. Nenda kituo cha afya uulizie uchunguzi. Ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, wahi mapema zaidi. Baba, mpe mwenzako nauli na nafasi ya kwenda.

Kuna chanjo pia, inayofaa zaidi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, bila malipo. Muulize mhudumu wa afya kuhusu binti yako.