Kigali yajipatia nafasi Palma, Mtwara bado yatazama

Mfanyabiashara anayesubiri kivuko pale Kilambo, karibu na mdomo wa mto Ruvuma, kwa kawaida huangalia maji kujaa na kupwa. Tangu mwaka 2021 ana jambo la pili la kuangalia: Rwanda.

Rwanda haipakani na Msumbiji. Katikati ipo Tanzania nzima. Hata hivyo, Julai 2021, kwa ombi la Maputo, ilipeleka Cabo Delgado askari na polisi 1,000. Miezi michache kabla, Machi, magaidi walikuwa wamevamia Palma, na Total ya Ufaransa ikasimamisha mradi wake wa gesi wa dola bilioni 20 huko Afungi. Mwezi Agosti mji wa Mocímboa da Praia ulikombolewa. Kikosi cha SADC, ambamo Tanzania ilikuwemo, kiliondoka mwaka 2024 baada ya kubanwa na fedha. Wanyarwanda walibaki, wakaongezeka.

Hapo ndipo hesabu ya biashara inapoanza. Askari huleta usalama, usalama hurudisha mtaji, na nyuma ya askari hufuata kampuni za nyumbani kwao. Kampuni ya ulinzi ya ISCO, yenye uhusiano na Crystal Ventures, shirika la uwekezaji la chama tawala cha RPF, ilipata kazi Afungi. Umoja wa Ulaya nao ulitoa Euro milioni 20 kwa kikosi hicho mwaka 2022, na nyingine 20 mwaka 2024. Kwa nchi ndogo, hayo si mapato haba.

Tanzania ilikuwa na nafasi nzuri zaidi. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Wamakonde wako kingo zote mbili. Daraja la Umoja, wazo la Nyerere na Machel, lilifunguliwa Mtambaswala mwaka 2010. Ukombozi ulikopeshwa bila riba, na deni halikudaiwa. Kijiji cha Kitaya kiliposhambuliwa Oktoba 2020, Mtwara ililipa gharama ya vita ile bila kuonja faida yake.

Mwishoni mwa mwaka 2025 Total ilitangaza kuondoa zuio la mradi. Mwenye duka la jumla Mtwara hana askari wa kupeleka. Anachohitaji ni leseni, ankara zinazokubalika Maputo na mbia wa Kimsumbiji, maana wakandarasi wakubwa hununua kwa zabuni. Gati jipya la mita 300 bandarini Mtwara nalo linahitaji shehena msimu wa korosho unapokwisha.